Namna ya Kuitambua Aneurisma ya Ateri za Mafigo Katika Mji wa Bukavu

Miongoni mwa maradhi ya mishipa ya damu ni machache yanayomtatiza tabibu kama aneurisma ya ateri ya figo, kwa sababu hukaa kimya miaka mingi bila ya kuuma wala kuvimbisha mwili, na aghalabu hugunduliwa siku ambapo jicho la mchunguzi lilikuwa likitafuta jambo jingine kabisa, kama vile kijiwe cha nyongo, uvimbe wa ini, au mtoto tumboni mwa mama yake. Ateri hiyo huchipuka katika ateri kuu ya tumbo na kupeleka damu katika figo. Ukuta wake ukidhoofika mahali pamoja, mara nyingi pale inapogawanyika matawi, sehemu iliyodhoofika husukumwa na damu hata ikatuna ikawa kifuko. Kifuko hicho huweza kubaki hivyo mpaka mwenyewe akafa kwa uzee na sababu nyingine, na huweza pia kupasuka na kumwaga damu nyuma ya utumbo kwa muda mfupi usiotosha hata kumfikisha mgonjwa hospitali.

Wataalamu wa Ulaya na Marekani hukadiria kuwa mtu 1 katika kila 1,000 anacho kifuko cha namna hii. Kongo haijahesabu watu wake tangu 1984, lakini wakadiriaji huihesabia Bukavu zaidi ya watu 1,000,000. Basi, ikiwa kipimo cha Ulaya kinafaa huku, wamo katika wilaya za Ibanda, Kadutu na Bagira watu wapatao 1,000 wanaotembea na aneurisma ya figo bila ya habari nayo. Wengi wao hawana hasara yoyote, na kuwasaka wote kwa mashine, hata fedha zingepatikana, kungekuwa ni kuwatia hofu bure. Walio katika hatari ni wachache, na hao ndio wanaopaswa kujulikana kabla ya siku ya msiba. Kwa sababu hiyo naona kwamba mashine, ingawa ni chache, si ndiyo haja ya kwanza ya mji huu katika jambo hili. Haja ya kwanza ni kujua nani ashukiwe, na lini.

Habari za maradhi haya ni za kale kuliko chombo chochote cha kuyaonea. Mwaka 1770 tabibu Rouppe alieleza aneurisma ya ateri ya figo iliyokutwa katika maiti ya baharia, na kwa zaidi ya karne moja na nusu baada yake maarifa yaliendelea kupatikana kwa kupasua maiti, au kwa mgonjwa aliyekwisha kutokwa damu na kuwa nusu maiti. Mlango ulifunguka mwaka 1929 mjini Lisbon, Reynaldo dos Santos alipopitisha sindano mgongoni hata katika ateri kuu na kutia ndani yake dawa inayoonekana kwa eksirei. Ukapanuka mwaka 1953, Mswidi Sven Ivar Seldinger alipoonyesha namna ya kuingiza mrija mwembamba juu ya waya kutoka katika ateri ya paja pasipo kupasua nyama. Baada ya hapo zikaja ekografia na skana, na tangu zilipoenea aneurisma za mafigo zimezidi kuonekana duniani, wala si kwa kuwa zimezidi kuzaliwa.

Yafaa kwanza kutenganisha koo mbili za kifuko hiki, maana kila moja ina watu wake. Ya kwanza ni aneurisma ya kweli, ambayo tabaka zote za ukuta wa ateri zimetuna pamoja; hii huwapata zaidi wanawake kuliko wanaume, hukaa zaidi upande wa kulia, na vitabu huihusisha na ulegevu wa kuzaliwa nao, na ugonjwa wa nyuzi na misuli ya ateri unaowapata wanawake wangali vijana, na kuchakaa kwa mishipa uzeeni. Ya pili ni aneurisma ya uongo, ambayo ukuta umetobolewa kwa kisu, kwa risasi, au kwa sindano ya tabibu mwenyewe, na damu iliyovuja imejizungushia boma la nyama laini lisilo na nguvu. Vitabu vilivyoandikwa katika nchi za amani huipa ya kwanza kurasa nyingi na ya pili aya chache. Katika Kivu Kusini, ambako vita havijakauka kwa miaka thelathini, msomaji mwangalifu angepindua mizani hiyo.

Tuanze na yule anayeonekana kwa urahisi zaidi, yaani mwenye shinikizo la damu. Utafiti uitwao Vitaraa, uliofanywa kwa watu wazima wa Kivu Kusini na kuchapishwa mwaka 2011, ulikwisha kuonyesha kwamba shinikizo la damu si maradhi ya wageni wala ya matajiri peke yao. Figo nalo lina sehemu yake katika jambo hili: Harry Goldblatt alithibitisha mwaka 1934, kwa kubana ateri za mafigo ya mbwa, kwamba figo lililonyimwa damu hupandisha shinikizo la mwili mzima. Aneurisma huweza kufanya hivyohivyo kwa kulibana tawi la jirani, au kwa kurusha vidonge vidogo vya damu iliyoganda katika matawi ya mbele, au kwa kuandamana na mahali palipofinyika. Lakini hapa pana mtego. Wagonjwa wengi wenye aneurisma wana shinikizo la damu, ila wenye shinikizo la damu walio na aneurisma ni haba mno. Tabibu akimpeleka kila mwenye shinikizo kupigwa picha ya ateri, atamaliza akiba ya familia nyingi kabla ya kupata mgonjwa mmoja. Wanaostahili kuulizwa zaidi ni mwanamke kijana ambaye shinikizo lake limepanda bila ya ukoo wa maradhi hayo, mtu anayemeza dawa tatu kwa uaminifu na shinikizo halishuki, na yule ambaye tabibu, akiweka chombo cha kusikilizia ubavuni au juu ya kitovu, husikia mvumo unaokwenda na mapigo ya moyo. Chombo hicho cha kusikilizia kiko shingoni mwa kila daktari, nacho hutumika juu ya tumbo mara chache kuliko inavyostahili.

Sasa ekografia, ambayo katika mji huu ndiyo jicho la kwanza na mara nyingi ndiyo jicho la pekee. Katika picha yake ya kawaida, isiyo na rangi, aneurisma iliyo mlangoni mwa figo huonekana kuwa duara jeusi, laini, lenye kuta nyembamba. Duara jeusi jingine, linalopatikana mara nyingi zaidi na lisilo na madhara, ni kisti, yaani kifuko cha maji. Na la tatu ni bonde la figo lililotanuka kwa sababu mkojo umezibiwa njia. Vitu hivi vitatu hufanana katika kivuli cheupe na cheusi kiasi cha kwamba mchunguzi mwenye haraka, ambaye nje ya mlango wake wanangoja wajawazito na wagonjwa wa tumbo, ataandika kisti na kuita jina la anayefuata. Hapo ndipo uchunguzi hupotea. Wala hasara haiishii kwenye karatasi, kwani kisti kikubwa chenye maumivu huweza kuchomwa sindano ili kikamuliwe, na sindano iliyoingia katika aneurisma iliyodhaniwa kuwa kisti huleta balaa ambalo ugonjwa wenyewe ulikuwa bado haujalileta.

Dawa ya kosa hili ni kitufe kimoja. Mwaka 1842 Christian Doppler alieleza namna mlio au nuru inavyobadilika chanzo chake kinaposogea, na juu ya kanuni hiyo mashine nyingi za ekografia zimewekewa rangi ya kuonyesha damu inayotembea: kisti hubaki cheusi, bali aneurisma hujaa wekundu na samawati zikizungukana, kwa kuwa damu inaingia upande mmoja na kutokea upande mwingine. Kwa hiyo kanuni ambayo ningependa ibandikwe katika kila chumba cha ekografia mjini ni hii: duara lolote jeusi lililo mlangoni mwa figo lisipewe jina kabla ya kutiwa rangi. Hata rangi nayo ina hila zake. Kipimo cha mwendo kikiwekwa juu mno, damu inayozunguka polepole ndani ya kifuko haitaonekana. Na kifuko kilichojaa damu iliyoganda kitabaki cheusi au kijivu, kikimdanganya mchunguzi kwamba hamna kitu. Gesi ya utumbo huficha ateri, unene wa mwili huizika chini, ndiyo maana ni bora mgonjwa aje hajala, alazwe ubavu, na kifuatwe kile kifuko mpaka kionekane kinatoka katika mshipa gani. Mchunguzi aliyefundishwa hivi, mwenye mashine ya wastani, atawasaidia watu wengi kuliko mwenye mashine mpya asiyejua anachokishuku.

Picha ya kawaida ya eksirei isidharauliwe pia. Aneurisma nyingine huota chokaa ukutani, ikaonekana kama pete iliyovunjika kidogo karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, nayo husomwa kuwa kijiwe cha figo, na upande wa kulia kijiwe cha nyongo, na katika nchi yenye kifua kikuu huweza kusomwa kuwa tezi la zamani lililokauka. Kijiwe cha figo aghalabu huwa kimejaa ndani. Pete iliyo tupu katikati inataka maelezo mengine.

Ekografia ikishashuku, skana yenye dawa ya mishipa ndiyo inayotoa yakini: huonyesha ukubwa wa kifuko kwa milimita, shingo yake, idadi ya matawi yanayotoka humo, na hali ya figo la pili. Dawa hiyo huweza kulidhuru figo lililokwisha kuchoka, basi kipimo cha kreatinini hutangulia. Picha ya sumaku haina miale, ila dawa yake haipendezi kwa mwenye figo lililoshindwa kabisa kazi, na vimatawi vidogo huiponyoka. Ule mrija wa Seldinger hubakia kuwa hukumu ya mwisho pale matawi yanapochanganyikana, tena una faida kwamba kupitia njia iyo hiyo kifuko huweza kuzibwa kwa nyuzi za madini. Hapo swali huacha kuwa la elimu tu, likawa la safari. Anayetakiwa kuvuka Rusizi kwenda Kamembe, kisha apite msitu wa Nyungwe mpaka Kigali, au afike Dar es Salaam, ambako Chuo Kikuu cha Muhimbili kilianza mwaka 2019 kufundisha madaktari tiba za kupitia mishipa kwa kuongozwa na picha, huyo anahitaji hati ya kusafiria, dola, na ndugu wa kumsindikiza. Miungano ya bima ya afya iliyoenezwa kwa msaada wa ofisi ya tiba ya Jimbo Kuu la Bukavu imewapunguzia wengi mzigo wa maradhi ya kila siku, lakini safari ya namna hii huuza mashamba. Februari 2025 mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, na uwanja wa ndege wa Kavumu kabla yake, na benki zikafunga milango, hata mwenye shamba la kuuza aliona taabu ya kulitoa. Kwa hiyo daktari anayetaka kumpeleka mgonjwa mbali ana wajibu wa kujiuliza kwanza: jibu litakalopatikana huko litabadili nini?

Kwa majeruhi hubadili kila kitu. Mtu aliyechomwa kisu ubavuni au aliyepitiwa na risasi chini ya mbavu huweza kushonwa, akapona jeraha la nje, akaruhusiwa kwenda kwake Walungu au Kabare, kisha baada ya wiki moja, mbili, hata tatu, mkojo wake ukawa damu tupu. Mkojo wa damu una sababu nyingi katika nchi hizi, kama vile maambukizo, mawe, na kichocho kwa aliyetokea Maniema au Katanga, na kila moja ya sababu hizo huja mbele ya aneurisma katika mawazo ya mganga wa kituo cha afya. Lakini damu inayokuja na kukatika, ikarudi kwa wingi kuliko kwanza, kwa mtu aliyewahi kujeruhiwa ubavuni au aliyekatwa kipande cha figo kwa sindano ya uchunguzi, ni dalili ya kifuko cha uongo mpaka kinyume chake kithibitike. Swali la kumuuliza ni jepesi: je, uliumia siku za karibuni? Wanawake wengi, na vijana waliochukuliwa kwa nguvu kupigana, hawatalijibu mbele ya watu, kwa hiyo na liulizwe faraghani. Rangi ya Doppler ikionyesha damu inayoingia na kurudi katika shingo ya kifuko, kama pumzi, uchunguzi umekamilika. Kinachofuata ni kuziba au kupasua, wala si kungoja.

Nimemweka mjamzito peke yake kwa sababu yeye ndiye ambaye makosa juu yake yana gharama kubwa kupita yote. Mimba huzidisha damu inayozunguka mwilini na kulegeza kuta za mishipa, na miezi mitatu ya mwisho ndiyo iliyo na hatari zaidi. Katika wagonjwa walioelezwa na vitabu vya zamani, aneurisma ya figo iliyopasuka wakati wa mimba iliua zaidi ya nusu ya akina mama, na watoto wengi zaidi ya mama zao. Sasa mwanamke huyu anapofikishwa, amepauka, mapigo yake mepesi, tumbo limekaza, maumivu yamemshika ghafla ubavuni, kila mkunga wa Kivu atawaza kwanza kondo lililobanduka au mji wa mimba uliopasuka, naye atakuwa na haki, kwa kuwa hayo huonekana mara nyingi. Mji huu una wapasuaji wenye uzoefu mkubwa wa tumbo la mwanamke. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Denis Mukwege mwaka 1999 na ambayo dunia ilizidi kuijua alipopewa Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 2018, imekuwa shule ya upasuaji huo. Hata hivyo huja saa ambapo tumbo limefunguliwa, mtoto ametolewa, mji wa mimba umekutwa mzima, na damu imejazana nyuma ya utando wa tumbo, upande mmoja, ikilisukuma figo mbele. Hapo hakuna skana wala rangi. Uchunguzi hufanywa kwa mkono. Aliyewahi kusoma habari za maradhi haya atajua kwamba hajapotea njia, ataibana ateri karibu na shina lake kabla ya kufungua lile donge la damu, na kabla ya kulitoa figo lililoharibika ataligusa la upande wa pili ayakinishe kwamba lipo. Ikiwa mwanamke ana umri wa kuzaa na kifuko chake kilijulikana mapema, miongozo iliyotolewa mwaka 2020 na chama cha wapasuaji wa mishipa cha Marekani hushauri kitibiwe kwa ukubwa wowote kilicho nao. Kwa mji ambao mimba hufuatana mimba, naona ushauri huu ni wenye uzito zaidi huku kuliko kule ulikoandikwa.

Yako pia mafundo madogo, yaani aneurisma ndogo sana, ndani ya figo lenyewe, membamba kuliko ekografia inavyoweza kuonyesha. Matabibu Kussmaul na Maier walieleza mwaka 1866 maradhi ya ateri za kadiri yanayoacha vifundo vingi, na baadaye ikajulikana kwamba baadhi ya wagonjwa wake wana virusi vya homa ya ini ya aina B, ambavyo vimeenea katika Kongo. Mtu mwenye homa isiyoisha, aliyekonda, mwenye shinikizo jipya na ganzi miguuni, apimwe virusi hivyo kwanza, maana kipimo ni rahisi na huelekeza njia. Vilevile mwenye vali za moyo zilizoharibika tangu utotoni, akipata homa na maumivu ya ubavu, huenda vijidudu kutoka moyoni vimekwisha kujenga kifuko katika ateri ya figo.

Baada ya kusema haya yote kuhusu kutopitwa na ugonjwa, ni haki kusema pia juu ya kosa la upande wa pili. Taarifa iliyochapishwa Marekani mwaka 2015, iliyokusanya wagonjwa 760 wenye aneurisma 865 kutoka vituo 16, iliwakuta watatu tu waliopasukiwa, na kifuko cha wastani kilikuwa kikikua kwa kiasi kisichofika milimita moja kwa mwaka. Zamani sentimita 2 zilitosha kumpeleka mtu kupasuliwa. Sasa kwa asiye na dalili, asiyetarajia mimba, mpaka umesogezwa kwenye sentimita 3. Wakazi wa mtaa wa Funu, ambako ardhi inatambaa polepole chini ya nyumba za watu, wanajua kwamba ufa ukutani hautaji siku yake: nyumba moja husimama na ufa wake miaka mingi, na nyingine huondoka na mvua moja, hivyo huupima ufa mara kwa mara, na aliyeona umekaa palepale hulala. Vivyo hivyo mzee wa miaka sabini aliyegunduliwa kifuko cha milimita 14 kwa bahati, alipokwenda kutazamwa kibofu, hastahili kuambiwa kwamba ana bomu tumboni, na mwanawe asiuze ng'ombe kwa ajili ya safari ya Kigali. Ashushwe shinikizo lake la damu, arudi baada ya mwaka, apimwe tena. Vipimo viwili mfululizo vikilingana, nafasi kati ya kipimo na kipimo huweza kurefushwa hata miaka miwili au mitatu.

Kufuatilia huku kunategemea jambo dogo ambalo katika mji wenye kuhamahama kwa sababu ya vita huwa gumu: kumbukumbu. Ripoti inayosema tu kwamba kuna kifuko kidogo upande wa kulia haina faida kwa atakayepima mwaka unaofuata, pengine Goma, pengine Uvira, pengine Kamanyola. Iandikwe tarehe, upande, umbali wa kifuko kutoka katika shina la ateri, upana wake kwa milimita katika mielekeo miwili, ikiwa kina chokaa au damu iliyoganda, na kipimo cha mwendo kilichotumika wakati wa kutia rangi. Nakala moja ibaki hospitali, na nyingine, pamoja na picha, apewe mgonjwa mwenyewe aihifadhi na kadi yake ya kura.